Mkeka wa Mama Sokoni

Mwezi wa kwanza wa mvua, siku ya tatu

Jana asubuhi, kabla mvua haijaanza, tulimtoa marehemu mama. Ngoma mbele, bendera zikifuata, na sisi tukirusha bisi za mpunga njia nzima mpaka kule nje ya ukuta wa mji tulikomwacha. Hatujageuka vizuri, tai wameshashuka kumla. Watu wakasema, "Heri yake, kapokelewa upesi. Alikuwa mtu wa thawabu." Hilo nililipokea kwa moyo mmoja. Mama alistahili.

Tuliporudi tulikaa kunyolewa utosini, kama inavyowapasa mabinti waliofiwa. Mimi nilinyolewa kwanza, kiduara kidogo cha kawaida. Zamu ya mdogo wangu Anang ilipofika, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mie nitoe zaidi, mkaza mjomba. Kidogo hivyo hakimtoshi mama." Akatolewa kiduara kama kitako cha bakuli. Chumba kizima kikaangua kilio. Nywele zake zile za kufika kiunoni! Wanawake wakaziokota moja moja na kuzifunga kwa uzi. Zangu zilifagiliwa.

Mimi ni Kandri, binti mkubwa. Naandika kwenye majani ya mvumo aliyoacha mume wangu, mwandishi wa hekalu, ambaye homa ilimchukua mwaka juzi. Macho yake yalipoanza kuchoka alinifundisha herufi ili nimsomee. Kalamu hii ya chuma ni yake pia. Katika ukoo wetu hakuna mwingine ajuaye kusoma, kwa hiyo humu nitasema nipendavyo.

Siku ya nne

Mvua tangu mchana. Sikufanya kitu.

Siku ya saba

Limeshazuka. Tulikuwa tunakula wali, mjomba Panlas akanawa mikono, akakohoa kile kikohozi chake cha mambo makubwa. Yeye ni kaka wa mama na sasa ndiye mkubwa wetu.

"Haya, wanangu. Mkeka wa mama yenu mbele ya lango la ikulu, ataukalia nani? Mahali pa sokoni hurithiwa kwa neno la mwenyewe. Alisema neno?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Anang akanitangulia.

"Alisema, mjomba. Siku mbili kabla hajatuacha. Alinishika mkono akaniambia, 'Anang, mkeka ni wako. Dada yako abaki na mitungi.'"

"Nani mwingine alisikia?"

"Tulikuwa wawili tu, mjomba. Dada alikuwa chini ya nyumba, kati ya nguzo, kwenye mitungi."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mimi ndiye mkubwa. Mama asingefanya hivyo."

"Lakini dada, alisema."

"Unasema wewe."

Mjomba akakuna kichwa. Mwishowe akaamua Anang akalie mkeka kwa sasa, maana anawajua wateja, na mengine tutayatazama arobaini ya mama ikipita. Kwa sasa! Mtu akishakalia mkeka, nani atamnyanyua?

Miaka ishirini nimekata vichwa vya samaki, nimewapasua, nimewatia chumvi, nimewashindilia mitungini na kungoja wachachuke. Samaki wa mtungi wa mama wanajulikana mpaka ng'ambo ya ziwa, na mikono iliyowatengeneza ni hii. Nikioga mara tano kwa siku bado nanuka. Anang hajawahi kushika kisu zaidi ya siku mbili mfululizo; alikuwa akikaa na mama mkekani, akicheka na wateja, akitafuna tambuu. Sasa eti mimi nibaki na mitungi.

Siku ya tisa

Leo Anang ameukalia. Kavaa kitambaa cha maua. Watu sita wamemwambia anafanana na mama. Nilihesabu.

Siku ya kumi na mbili

Nilimpelekea mtungi mpya sokoni, nimeubeba kichwani peke yangu. Kando ya mkeka wetu hukaa Sampur, muuza nta, mwanamke mwenye ulimi usiopata likizo. Aliponiona tu:

"Kandri wee! Mdogo wako karithi mdomo wa mama yenu mzima mzima. Wewe ulirithi nini?"

"Mitungi," nikasema.

"Ndiyo maana pua imekusikia kabla sijakuona!" Akajipiga mapaja. Mikeka yote ya pale ikacheka.

Anang naye akacheka. Kisha akaziba mdomo na kusema, "Usimjali huyo, dada, kaa hapa unywe maji." Akanipisha kwenye pembe ya mkeka wa mama yangu, kama mgeni.

Akapita mke wa ofisa mmoja, wa mwavuli wenye mpini wa fedha. Mama yule hanunui ovyo. Akanusa mtungi, akafumba macho, akamwambia Anang, "Mikono yako ibarikiwe." Nilingoja Anang aseme, "Si mikono yangu, ni ya dada." Akasema, "Ahsante, mama."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia hilo. Ahsante, mama.

Siku ya kumi na tatu

Nina wivu. Basi, nimeandika. Litakaa hapa.

Siku ya ishirini

Mvua, mvua, mvua. Ziwa limepanda mpaka kwenye vichaka. Mtungi mmoja umepasuka.

Mwezi wa pili wa mvua, siku ya tano

Leo nimemtazama sana mume wa Anang. Anaitwa Choa, Mchina, ameletwa na meli miaka minne iliyopita pamoja na sindano zake, bakuli zake za kijani na miavuli ya karatasi. Hawa wote wakishuka tu huoa, kwa sababu kwetu sisi Wakhmer biashara ni ya wanawake, na mwanamume asiye na mke sokoni atauzia wapi? Bakuli zake hupangwa kwenye mkeka wa mama, upande wa kivuli. Ni mtu mnene, mcheshi, anasema lugha yetu kama anatafuna mchanga.

Soko linapokwisha, saa sita, anakuja na mwavuli mkubwa mwekundu kumchukua mkewe. Wanaondoka wamebanana chini yake, yeye anamshikia mwavuli hivi, mkono juu, bega lake mwenyewe linalowa. Mimi hubaki kukusanya mitungi, na mvua hunikuta uwanjani kila siku ya miungu. Nakimbilia kwenye ile minara ya mawe iliyo mbele ya ikulu na kusubiri huko na muuza chumvi na mbwa wawili.

Leo Choa kamnunulia kitana cha pembe. Mume wangu alininunulia nini? Alinifundisha herufi.

Siku ya sita

Nimekuwa mkali kwa marehemu. Alikuwa mtu mzuri. Lakini kitana ni kizuri.

Siku ya kumi na moja

Nimemwambia Sampur kwamba Anang anasema uongo kuhusu neno la mama. Nilimwambia kwa kunong'ona, nikamwomba asimwambie mtu. Kumwambia Sampur asimwambie mtu ni sawa na kupiga ngoma. Nilijua.

Siku ya kumi na mbili

Soko zima linajua.

Siku ya kumi na nne

Anang amekuja nyumbani jioni, miguu imejaa matope, bila mwavuli.

"Dada, watu wanasema umesema mimi mwongo."

"Watu husema mengi."

"Umesema au hujasema?"

"Nimesema mama asingeninyima mimi akakupa wewe."

Akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Akasema polepole, "Mimi nilifikiri tutauza pamoja. Wewe utengeneze, mimi niuze, kama na mama. Nilikuwa nitakwambia uje ukae na mimi mkekani, nikaona aibu, nikasema utaona ninakuonea huruma."

"Na kweli ungekuwa unanionea huruma."

"Basi niambie unataka nini."

"Nataka mkeka."

"Huo mama alinipa, dada. Nikikupa wewe, nitamwambia nini mama?"

Angalieni mtu huyo! Hata kunidhulumu anafanya kwa heshima ya wazazi. Nilimwambia aende zake. Akashuka ngazi, akageuka akasema mtungi wa tatu kutoka ukutani unavuja, niutazame. Niliutazama. Ulikuwa unavuja.

Siku ya ishirini na mbili

Leo yamekwisha, au yameanza. Msimamizi wa soko alikuja kukagua mikeka, na mimi nikasimama mbele za watu wote, hata miguu sijui niliitoa wapi, nikasema: "Bwana, mwanamke huyu amekalia mahali pa marehemu mama yetu kwa neno ambalo halikusemwa."

Anang akainuka. "Lilisemwa."

"Shahidi?"

"Sina."

"Na wewe unayekanusha, una shahidi?"

"Sina, bwana. Neno ambalo halikusemwa litashuhudiwa na nani?"

Watu wakaguna kunikubali. Nilijisikia vizuri sana wakati ule. Msimamizi akasema jambo la neno dhidi ya neno si la kwake, akatupeleka kwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anakula, hakutuuliza hata majina ya ukoo. Akasema: "Minara." Akaendelea kula.

Siku ya ishirini na tatu

Mjomba amekuja asubuhi, uso umemshuka.

"Kandri, mwanangu, ondoa shitaka. Nyinyi ni watoto wa tumbo moja. Mtaingizwa kwenye mawe yale kila mmoja peke yake, siku nne, siku tano, mpaka mmoja atoke na majipu au homa au kikohozi. Na atakayetoka hivyo ndiye mwongo, na hakuna atakayemsalimia tena hapa mjini. Mnataka hilo?"

"Mwambie Anang aseme hakusikia kitu, nitaondoa."

"Nimeshamwambia. Anasema hawezi kusema mama hakusema."

"Basi miungu iamue."

Mjomba akaenda zake. Sina mtu mwingine, mume sina, mtoto sina, kwa hiyo yeye na mkewe ndio watakaosimama upande wangu na kulinda mlango wa Anang. Choa na Wachina wenzake watalinda wangu. Hivyo ndivyo inavyofanyika, jamaa wa huyu wanamlinda yule, asiletewe dawa.

Siku ya ishirini na tano, asubuhi

Mchana huu tunaingia. Kalamu hairuhusiwi. Kwa hiyo niandike sasa, maana nikifa huko ndani kwa majipu nani atajua, na nisipokufa nitahitaji mahali pa kuliweka.

Nilisikia.

Nilikuwa chini ya nyumba, nashindilia mtungi wa saba. Sakafu yetu ni ya mianzi, mtu wa chini anasikia hata mende wa juu. Mama alikohoa, akaita, "Anang." Akasema, "Anang, mkeka ni wako. Dada yako abaki na mitungi." Ni maneno hayohayo, hakuongeza na hakupunguza. Kisha akasema na jambo lingine ambalo Anang hajalitaja kwa mtu yeyote, sijui kwa nini, labda kwa kunihurumia. Mama alisema: "Dada yako hana uso wa watu. Akikaa pale atawafukuza."

Nilibaki nimeinama, mikono ndani ya mtungi mpaka viwikoni. Nikaendelea kushindilia. Nilishindilia mpaka maji ya chumvi yakafurika yakanilowesha miguu.

Sina uso wa watu. Mama aliyenizaa. Ningemsamehe kunikosesha mkeka. Lakini alivyomwambia yule, kwa sauti ile laini ya kumbembeleza mtoto, sauti ambayo mimi tangu nizaliwe nimeisikia ikienda kwa mwingine! Nilisema moyoni, hamna. Halikusemwa. Na kila siku tangu hapo nimekuwa nikisema halikusemwa, mpaka kuna asubuhi naamka na kweli halikusemwa.

Najua wanaoingia minarani na uongo huwa hawatoki wazima. Tangu utoto nimeona watu wakitolewa pale na majipu mgongoni. Naogopa. Ningeweza kwenda kwa mjomba sasa hivi. Hata viatu havihitajiki, ni nyumba ya tatu.

Nasikia Choa anacheka barabarani na wenzake, wanakuja kunichukua.

Mwezi wa tatu wa mvua, siku ya kwanza

Nimetoka. Nieleze kwa utaratibu.

Minara ni kumi na miwili, lakini miwili tu ndiyo iliyokuwa mitupu, iliyobaki ina watu na kesi zao. Askari wa mwamuzi akasema, "Mkubwa achague kwanza." Mmoja ulikuwa ule ninamojikinga mvua kila siku na muuza chumvi. Paa lake halivuji hata tone. Wa pili naujua pia. Maji yanaingia juu, yanatiririka ukutani na kusimama sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hata wale mbwa hawaingii. Anang hakuwahi kujikinga humo. Yeye ana mwavuli.

Nikasema, "Mimi huu, mlango wake unatazama ikulu."

"Mzuri, dada," akasema Anang. "Mimi popote. Kwani kuna tofauti?"

Askari mwenyewe hakuona tofauti. Kwake yeye, na kwa kila mtu pale, ukuta si kitu, aliye na haki hata ukimweka kisimani atatoka mkavu. Mimi pia ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nilichagua mkavu.

Siku ya kwanza nilikaa. Siku ya pili koo likaanza kuniwasha. Mtu hawezi kujua kikohozi kinavyomtesa mpaka kiwe na adhabu. Choa alikuwa amekaa mlangoni, mgongo kwangu, anakula matunda. Nilijaza mdomo wangu kitambaa nikauma. Machozi yakanitoka, mbavu zikaruka, sikutoa sauti. Nilijishika mwili mzima nikitafuta majipu. Nilikuta uvimbe kwapani, nikasema kwisha, ndio hilo. Alikuwa mbu.

Mvua haikukata. Siku ya tatu, mchana, katikati ya mvua, nikasikia kutoka mnara wa pili. Kohoo. Kimya. Kohoo, kohoo.

Siwezi kuandika uongo humu. Nilifurahi. Moyo uliniruka kama nimeitwa kwenye karamu. Choa akaacha kula. Akasimama, akatazama ule mnara, akanitazama mimi, na kile kicheko chake chote kikamtoka usoni.

Siku ya nne walimtoa Anang akiwa ameshikwa kwapa huku na huku, midomo imepauka, anatetemeka kwa homa. Mkaza mjomba alikuwa analia. Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Mwamuzi akanitazama macho, ulimi, mgongo. "Safi," akasema. Watu wa soko walikuwa wamejaa uwanja mzima kwenye mvua. Sampur akapiga kigelegele.

Siku ya pili

Nimelala siku nzima. Nimekohoa peke yangu nyumbani mpaka nikachoka.

Siku ya tano

Nimekalia mkeka wa mama.

Siku ya sita

Watu wengi. Wengine wanakuja kunitazama tu, mwanamke aliyetoka mkavu. Wananunua.

Siku ya kumi na nane

Wanauliza bei, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayekaa. Leo yule mama wa mwavuli wa fedha akapita, akasimama, akasema, "Yule mcheshi yuko wapi siku hizi?" Sampur akamwambia, "Yule mwongo, mama. Minara imemtoa." Akasema, "Loo, na alivyokuwa na sura njema!" Akaenda bila kunusa mtungi.

Nilijaribu kucheka na mteja wa baada yake. Alinitazama kama ninaumwa tumbo.

Mwezi wa nne wa mvua, siku ya tatu

Choa amekuja. Kapangusa miguu ngazini, kaingia, kakaa, kaweka mbele yangu bakuli ya kijani iliyo nzuri kuliko zote alizo nazo.

"Shemeji, mimi sasa nauzia wapi?"

"Sijui, shemeji."

"Anang mgonjwa, hana mahali, watu hawamsalimii. Mimi mfanyabiashara. Meli ya kwetu inakuja pepo zikigeuka. Wewe una mkeka, huna mume. Mimi nina bidhaa." Akafungua viganja vyote viwili, kama mtu aliyekwisha maliza hesabu. "Si vizuri hivyo?"

Niliyatamani haya. Nisijifanye. Nilivyokuwa nikiwatazama chini ya ule mwavuli mwekundu, roho inaniuma mpaka nasahau mitungi, nilikuwa natamani hasa hili, kwamba siku moja aje kwangu. Sasa kaja. Nikamtazama, nikatafuta kwenye uso wake mnene chembe moja ya huzuni kwa ajili ya mdogo wangu. Alikuwa anaangalia mkeka niliouviringisha pembeni.

Nikajua kwamba hata Anang, Choa hakuwahi kumpenda. Alikuwa ameoa mahali penye kivuli. Miaka minne nimemwonea wivu mtu kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

"Chukua bakuli yako, shemeji," nikamwambia.

"Utafikiri?"

"Nimeshafikiri."

Siku ya tisa

Choa kahamia kwa binti wa Sampur. Bakuli zake sasa ziko mkeka wa jirani. Ananisalimia vizuri tu.

Siku ya ishirini

Nilipita karibu na nyumba ya Anang. Sikuingia. Hakukuwa na moshi.

Siku ya ishirini na moja

Nimempelekea mchele, nikauacha ngazini.

Mwezi wa tano, siku ya nane

Mvua imepungua. Maji yameanza kurudi ziwani, na samaki wanakuja nayo, vikapu kwa vikapu. Kila nyumba mtaani kwetu inanuka. Mimi nauza asubuhi, nakata mchana, vidole vimechanika, kazi imenishinda.

Siku ya tisa

Anang amekuja.

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta chini ya nyumba, amechuchumaa mbele ya kapu langu, kisu mkononi, anakata vichwa. Amekonda. Pale alipokuwa amenyolewa, nywele zimeota zimesimama wima. Alikuwa amejikata mara mbili na kufunga kidole kwa jani.

"Unafanya nini?"

"Nakusaidia, dada. Kama hutaki nitaondoka."

Nikachuchumaa upande wa pili wa kapu, nikachukua kisu kingine. Tulikata kapu moja zima. Anakata vibaya, anaacha nyama nyingi kichwani. Kisha akaweka kisu chini, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi yenye magamba ya samaki.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini?"

"Nilikudhulumu mbele ya mjomba na mbele ya soko. Nilikunyang'anya chako kwa neno ambalo halikusemwa. Lakini kwa haki ya mama, sikujua kama nasema uongo! Nilimsikia, dada. Mpaka leo namsikia. Miezi hii yote nakesha nikijiuliza, mtu anawezaje kusikia kitu ambacho hakipo? Kama si minara ningekufa nikiamini." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, magamba yakabaki shavuni. "Labda niliota. Sikuwa nimelala siku tatu, nikimuuguza. Au nilitamani mno mpaka nikajisikizisha. Nilikuwa na tamaa, dada, ndiyo, ule mkeka niliutaka. Basi miungu imeniona."

Mimi nilikuwa nimeshika samaki. Alikuwa bado anachezacheza mkia.

"Nikuulize kitu kimoja?" akasema. "Unijibu, halafu sitauliza tena."

"Uliza."

"Siku ile ulikuwa hapa hapa chini, kwenye mitungi. Sakafu hii unasikia kila kitu. Kama mama angesema yale maneno kweli, wewe ungeyasikia. Si ndiyo?"

Juu yetu sakafu ya mianzi, kimya. Anang alikuwa ananitazama kwa macho yale ya mama, hana hila, ananingoja mimi nimwambie kama ana akili timamu au hana. Maneno mawili tu yalitosha. Nilikuwa nayo mdomoni. Kisha nikaona uwanja uliojaa watu, na Sampur, na mwamuzi na chakula chake, na mimi nikitembea hapo katikati. Na nikasikia tena ile sauti laini, sina uso wa watu.

"Ningesikia," nikasema.

Anang akashusha pumzi ndefu, mabega yote yakamlegea.

"Ahsante, dada. Nilidhani nina wazimu." Akachukua kisu. "Sasa naweza kulala."

Akavuta kapu jingine, na baada ya vichwa vitatu vinne akanitania kuhusu harufu, akacheka, kile kicheko chake kilekile. Nikamtazama, mimi mwenye mkeka na mitungi vyote viwili, nikamwonea wivu.